Figo hazilii

Sisi walimu wa kujitolea tuko salama, chaki bado ziko, na kelele za darasa la nne bado ni zile zile. Asanteni kwa barua za mwezi uliopita juu ya watoto wanaokosa shule wakati wa mavuno. Tumezisoma zote na mwalimu mkuu amezipata.

Leo maneno ni mazito kidogo. Kwenye sanduku la maswali tulikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, haina jina. Imeandikwa hivi: "Walimu, ni kweli dhahabu ya Busia inaleta kansa ya figo? Kama ni kweli, mbona mmenyamaza na vijana wetu wanaenda kila likizo?" Tulijua mara moja karatasi imetoka upande gani wa kambi, maana huko ndiko Babu anakaa, na habari ya Babu imeshazunguka kisimani mpaka imekuwa habari nyingine kabisa. Kwanza ilikuwa figo. Halafu ikawa amerogwa. Halafu ikawa kila mtu aliyeshika dhahabu ana kansa. Tulienda kumwomba Babu ruhusa, akasema, "Andikeni, lakini muandike vizuri, msiandike kama watu wa kisimani." Basi tunajaribu.

Busia tunaijua. Wengi wetu tuliotoka Kenya tuliivuka mwanzoni mwa 2008, wakati wa fujo ya uchaguzi, wengine tukiwa mgongoni mwa mama. Wengine walipita Malaba, wengine njia za panya pale Sofia, tukakaa Mulanda kule Tororo kwenye kambi ya muda, tukiona ule mwamba wa Tororo kila asubuhi, mpaka tukaletwa huku Kiryandongo mwaka huo huo. Kwa hivyo mtu wa hapa akitafuta pesa, miguu yake inajua njia ya kurudi mpakani. Kuna ndugu, kuna lugha, kuna boda boda (na hiyo boda boda yenyewe si ilizaliwa huko huko mpakani, watu wakipelekwa kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine?). Na kuna dhahabu. Dhahabu ya Busia upande wa Uganda, pale Tiira na vijiji vya jirani, inajulikana tangu miaka ya 1930, wakati ule ule ambapo upande wa Kenya wazungu walikuwa wanakimbilia Kakamega. Wazungu walienda zao. Mashimo yalibaki, na wanaoingia sasa ni vijana wenye tochi kichwani.

Wale ambao hawajafika, hebu tuwaelezee kazi inavyokwenda, kwa sababu ugonjwa unaingilia mahali pamoja na si kila mahali. Mawe yanatolewa shimoni, yanasagwa kwa mashine mpaka yanakuwa unga. Unga unamwagiwa maji juu ya ubao uliotandikwa gunia au blanketi, mchanga mwepesi unaenda, mzito unabaki. Ule mzito unatiwa ndani ya karai, halafu inamiminwa zebaki, ile ambayo mgodini wanaita mekyuri. Ni chuma, lakini chuma cha maji, kinakimbia kimbia kama shanga. Mtu anakoroga kwa mikono mitupu, mara nyingi ni mama. Zebaki inakamata chembe za dhahabu. Wanaikamua kwa kitambaa, inabaki bonge dogo jeupe. Sasa hilo bonge linawekwa juu ya makaa. Zebaki inaondoka kwa moto, dhahabu inabaki ya manjano, na mnunuzi yuko mlangoni na mzani wake.

Inaondoka inaenda wapi? Hapo ndipo penye maneno. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 na kugeuka mvuke. Mvuke huo hauna harufu na hauonekani. Yule aliyeinama juu ya makaa anauvuta, na karibu sehemu 80 kwa 100 ya anachovuta haitoki tena na pumzi, inaingia kwenye damu. Kinachobaki kinatua kwenye mapaa, kwenye sufuria, kwenye nguo za mtoto aliyelala kwenye mkeka. Watu wengi wanaogopa kuigusa zebaki, na kweli isiguswe, lakini ile ya kwenye karai inapita kwenye ngozi kidogo tu. Ile ya kwenye moto ndiyo mbaya. Na Baba Mapacha, mpwa wa Babu, alituambia bila kuficha kwamba misimu miwili yote alichomea jikoni, mlango umefungwa, kwa sababu ya wezi.

Ikishaingia kwenye damu, mwili unajaribu kuitoa, na inatolewa kidogo kidogo, nusu yake inachukua kama miezi miwili. Lakini njia kubwa mojawapo ya kutokea ni figo. Kwa hivyo figo ndizo zinabeba mzigo.

Tunaomba muturudishe darasani kidogo. Figo ziko mbili, kila moja kama ngumi ya mwenyewe, ziko mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna vichujio kama milioni moja, vidogo sana. Fikiria kitambaa cha kuchujia chai. Damu inapita, uchafu unatoka na maji unakuwa mkojo, vitu vizuri vinabaki. Kwa siku moja figo za mtu mzima zinachuja kama lita 180, halafu zinarudisha karibu zote, wewe unaenda chooni na lita moja au mbili tu. Kitambaa kikitoboka, majani ya chai yanapita. Figo zikitoboka, protini ya damu inapita kwenye mkojo, na ndiyo maana mkojo unakuwa na povu kama la sabuni, povu ambalo halikatiki hata ukisubiri. Mwili ukikosa protini, maji yanakaa vibaya: asubuhi uso umevimba, macho yamezibwa, jioni viatu haviingii.

Na jambo ambalo linatuumiza sisi ni hili. Jino likioza, unalia. Tumbo likiharibika, kijiji kizima kinajua. Figo hazilii. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake na bado analima, anacheka, anabeba jerikeni. Anapokuja kusikia uchovu, kichefuchefu, kuwashwa mwili mzima, presha juu, mara nyingi maji yameshafika shingoni.

Baba Mapacha alirudi kutoka Busia mwezi wa kwanza akiwa amevimba uso. Watu walimwambia amenenepa, mpakani kuna pesa. Alitibiwa malaria mara mbili kwenye duka la dawa bila kutobolewa hata kidole. Ni Mama Mapacha aliyemkokota mpaka kituo cha afya, wakamwekea kile kijiti cha karatasi kwenye mkojo, dakika mbili, protini alama tatu. Akaulizwa anafanya kazi gani. Wanasema huyo daktari alikuwa kijana tu wa mafunzo. Lakini aliuliza, na swali lile moja ndilo lilimwokoa, maana mtu akiacha kuvuta zebaki mapema, figo mara nyingi zinarudi.

Msifikiri hayo ni mambo ya wachimbaji peke yao. Akina dada, na nyinyi akina kaka mnaojificha, sikilizeni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza kwamba walichunguza watu wazima 60 waliovimba namna hiyo kwa sababu ya figo. Zaidi ya nusu walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hawajawahi kukanyaga mgodi. Wengine wao walipoacha krimu, ugonjwa ukawaachia. Ni zaidi ya miaka 50 iliyopita hiyo, na bado ukienda soko la Bweyale utaona sabuni zinapangwa pamoja na mafuta ya nazi, hazina hata jina la aliyezitengeneza. Tunaongea kama watu wenye makosa, kwa sababu tulipofungua mikoba yetu pale ofisi ya walimu kabla ya kuandika ukurasa huu, ilitoka moja. Hatutasema ya nani. Nyuma yake, kwa herufi ndogo kama siafu, iliandikwa "mercuric iodide". Ukiona neno mercury, mercuric, mercurous, calomel au Hg, hiyo ni zebaki, irudishe. Ukiona haijaandikwa kitu chochote, hiyo nayo usiipake. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Uganda iliridhia 2019 na Kenya 2023, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vilipangiwa kuondolewa sokoni kufikia 2025. Karatasi imesema hivyo. Sokoni ni mambo mengine.

Sasa turudi kwa swali la kansa, au saratani kama redio inavyosema. Jibu si ndiyo na si hapana.

Zebaki ya mgodini inajulikana vizuri kwa kuua figo na kuharibu mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka, mtu anasahau, anakuwa mkali bila sababu. Kwa kansa moja kwa moja, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaopanga vitu vinavyoleta kansa hawajaiweka hiyo zebaki ya chuma kwenye orodha ya vilivyothibitishwa. Kwa hivyo anayesema kila aliyechoma dhahabu atapata kansa, anatisha watu bure. Lakini msishangilie haraka. Kuna mlango mwingine. Figo ambayo imekuwa mgonjwa miaka mingi, kwa sababu yoyote ile, inakuwa kama nyumba ambayo mlinzi wake amelala. Vidonda vidogo ndani yake vinapona na kurudi, kinga ya mwili inapungua, sumu ambazo zilikuwa zitoke zinabaki. Figo zilizoshindwa kabisa huota vifuko vya maji, na ndani ya vifuko hivyo wakati mwingine kansa inaanza. Watu wenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu wanapata kansa ya figo na ya njia ya mkojo kuliko watu wengine. Si wote, wala si wengi wao. Lakini kuliko wengine.

Halafu kuna sumu zinazofanya kazi zote mbili, zinaua figo na kuleta kansa kwa mkono mmoja. Mfano unaojulikana sana ulitokea mbali, mjini Brussels, Ubelgiji. Akina mama walitaka kupungua uzito, kwenye kliniki wakapewa vidonge vya mitishamba ya Kichina. Ndani, kwa makosa, kulikuwa na mmea unaoitwa aristolokia. Mwaka 1993 madaktari walitangaza kwamba figo za akina mama hao zinakufa kwa haraka ya ajabu. Zaidi ya mia moja waliugua. Baadaye wagonjwa 39 walikubali kutolewa figo zao zilizokuwa zimeshakufa, zikakatwa na kuangaliwa, na kwa watu 18 kati ya hao ilikutwa kansa kwenye njia ya mkojo. Hiyo ilitangazwa mwaka 2000. Na kumbe mmea wa jamii hiyo hiyo ulikuwa unaota kwenye mashamba ya ngano ya wakulima wa Serbia, Bosnia, Kroatia, Bulgaria na Romania, kwenye mabonde ya mito inayoingia Danube. Mbegu zake zilisagwa pamoja na ngano. Watu walikula mkate wao wenyewe, figo zikafa kijiji kwa kijiji kwa miaka mingi, na kansa ikafuata, wao wakidhani ni maji au laana ya ukoo. Hatusemi mitishamba yote ni sumu, nyumbani kwetu pia tumenyweshwa majani. Tunasema dawa ya kusafisha figo inayouzwa kwenye chupa ya soda bila jina, na muuzaji kesho yuko Masindi, hiyo hujui umekunywa nini.

Na mgodini pia zebaki haiko peke yake. Vumbi la mawe yanayosagwa makavu lina silika, na silika inajulikana kwa kansa ya mapafu na pia imehusishwa na ugonjwa wa figo. Mawe ya dhahabu katika sehemu nyingi za dunia yana aseniki, na aseniki kwenye maji ya kunywa inaleta kansa ya kibofu. Halafu sigara, ambayo vijana wanasema inaondoa baridi ya shimo: sigara inaleta kansa ya figo na ya kibofu zote mbili. Halafu vidonge vya maumivu. Kijana anapiga nyundo mchana kutwa, jioni mgongo unakatika, anameza diklofenaki mbili na kesho mbili tena, mwaka mzima. Dawa hizo zikimezwa kila siku zinaumiza figo. Duka halitakuambia.

Mtu mwingine alituuliza kwa mdomo, na Tororo je? Kuna saruji, kuna ule mlima wa mbolea wa Osukuru. Vumbi la saruji linaumiza kifua na macho zaidi, anayefanya kazi huko avae barakoa na asirudi nyumbani na nguo za kazi. Hatutaki kuutia mlima dhambi isiyokuwa yake. Tumeandika juu ya dhahabu na sabuni kwa sababu ndizo zilizoingia kambini kwetu.

Sasa Babu. Babu alianza kuchimba kabla hatujazaliwa, Kakamega kwanza, halafu Busia, na hata baada ya kuletwa Kiryandongo alikuwa anarudi mpakani msimu wa kiangazi. Alivuta sigara tangu ujana. Miaka sita iliyopita aliambiwa ana presha na figo zimechoka, akapewa tarehe ya kurudi. Alirudi mara mbili, akaona hana maumivu, akaacha. Mwaka jana akaanza kukojoa damu. Hakuna maumivu. Inakuja leo, wiki mbili hakuna, inarudi tena. Pale alipoenda kwanza walisema ni kichocho, akameza dawa. Damu ikakatika, akashukuru. Ikarudi. Akaambiwa ni ugonjwa wa zinaa, na hapo ndipo nyumba iliungua, maana Bibi alifunga mlango na hakupika siku nne. Mzee wa miaka 60 na kitu analala kwa mpwa wake kama kijana aliyefukuzwa shule. Alichomwa sindano. Damu ikakatika, ikarudi.

Tunataka mshike hapo, hata kama mengine yote mtasahau. Damu kwenye mkojo bila maumivu, kwa mtu aliyevuka miaka 40, si kitu cha kumeza dawa na kunyamaza. Kukatika kwake si kupona, maana kansa ya figo na ya kibofu hutoa damu leo na kesho ikatulia yenyewe. Ndiyo, inaweza kuwa kichocho, lakini kile kichocho kinachojulikana zaidi kando ya Ziwa Victoria ni cha tumbo, damu yake inatoka chooni na haja kubwa. Kile cha mkojo kipo sehemu nyingine, na nacho kikikaa miaka kinaleta kansa ya kibofu, kwa hivyo hata hapo huwezi kukaa. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa mawe. Lakini mkojo upimwe, na ukishatibiwa upimwe tena. Kama damu bado iko, omba picha ya altrasaundi. Haiumi, ni kama kupakwa mafuta tumboni, akina mama wajawazito wanaijua. Usikubali dawa ya aina moja mara tatu.

Babu alipigwa hiyo picha mwezi wa tatu mwaka huu. Figo zote mbili zimesinyaa, na ya kushoto ina uvimbe. Amepewa barua ya kwenda Kampala, kwenye taasisi ya kansa pale Mulago, ambayo iko tangu 1967 na inapokea watu wa nchi zote za jirani. Tulimuuliza daktari wa hapa kama ni zebaki iliyofanya hivyo. Alisema kwa mtu mmoja huwezi kunyooshea kidole kitu kimoja. Kuna sigara, kuna presha, kuna zebaki, kuna vumbi, kuna vidonge, na kuna miaka sita ya figo mbovu bila kuangaliwa. Babu aliposikia hivyo alisema, "Basi nililima shamba lote." Akacheka yeye peke yake.

Tunajua mtauliza, kwa hivyo watu waache kuchimba? Mwalimu wa kujitolea anayepewa posho ya sabuni hawezi kumwambia mzazi aache kutafuta karo. Tunasema tu kwamba iko namna ya kufanya. Chombo cha kuchomea kinachofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke, kinarudisha sehemu kubwa ya zebaki, unaitumia tena, na mafundi wa vyuma wanaweza kukichomelea. Usichomee ndani ya nyumba hata kama kuna wezi, na mjamzito na watoto wawe mbali kabisa, maana mtoto wa tumboni ndiye anaumia kuliko wote. Wako pia wasiotumia zebaki. Wachimbaji wa milimani Ufilipino kwa zaidi ya miaka 30 wamekuwa wakiosha mchanga mpaka dhahabu inabaki karibu peke yake, halafu wanaiyeyusha kwa unga wa boraksi. Na si lazima mwende Ufilipino, hapo hapo Busia kikundi cha wachimbaji wa Syanyonja kilipata cheti cha Fairtrade mwaka 2017, na kwa cheti hicho zebaki haichomwi hovyo. Wakaulizwe wao, ni majirani.

Upande wa kambi, wahudumu wa afya wa Panyadoli wamekubali kuja shule ya msingi Alhamisi ya pili ya mwezi huu, saa tatu asubuhi, na vijiti vya kupima mkojo na mashine ya presha. Waje kwanza waliofanya kazi mgodini, wanaopaka sabuni za kung'arisha, wenye presha au sukari, na wanaomeza vidonge vya maumivu kila siku. Njooni na kichupa kisafi chenye kifuniko, kisiwe cha dawa ya kupulizia mahindi tafadhali, mwaka jana tuliona mambo. Anayekutwa na protini ataandikiwa aende apimwe damu. Hakuna atakayesomewa majibu mbele ya watu.

Nauli ya Babu imechangwa na watu wa kanisa na wa msikiti pamoja, imebaki kidogo, kibakuli kiko kwa mwenyekiti wa klasta. Bibi ndiye atamsindikiza. Alisema atakuwa anamshika mkono mpaka Mulago, kwa sababu alimkosea kwa mambo ya sindano, na pia kwa sababu mzee akiachiwa peke yake Kampala atapotea.

Baba Mapacha alipimwa tena wiki iliyopita. Protini imeshuka kutoka alama tatu hadi moja. Uso umerudi wake. Anataka kwenda tena Busia msimu ukianza, anasema sasa atachomea nje na kile chombo cha bomba, ameshaongea na fundi. Mama Mapacha anasema hapana, hata kwa bomba la dhahabu. Wote wawili walikuja ofisini kwetu tuamue, kama vile sisi ni korti. Tuliwapa chai. Hadi tunapeleka ukurasa huu kupigwa chapa, bado hawajakubaliana.